Nimeliona Ngozi!

Hatua moja kabla yake hakuna kitu. Mianzi, matope, mgongo wa kiongozi wetu, na pumzi zangu mwenyewe zikinipigia kelele masikioni. Hatua moja baadaye ardhi imekatika, na huko chini, mita 200 hivi chini ya vidole vya miguu yangu, kuna ziwa zima, la kijani, limetulia tuli. Nilikumbatia mti. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14 ambaye tangu tutoke Dar es Salaam hajawa na habari na mtu isipokuwa simu yake, alipaza sauti: "Shangazi! Shangazi, njoo uone!" Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Nami nikapaza sauti vilevile, nikimwita yeye.

Naandika nikiwa Tukuyu, siku ya pili yake, na matope meusi ya jana yameganda kwenye pindo za suruali yangu. Sikutaka kusubiri nirudi nyumbani, nioge, nitulie, nipange maneno. Nataka uyapate yakiwa ya moto. Nimewahi kusimama ukingoni mwa Ngorongoro. Nimeiona Kilimanjaro ikivua mawingu alfajiri nikiwa Moshi, nikadhani basi, milima ya nchi hii imeshanionyesha yote iliyo nayo. Sivyo kabisa! Kati ya maziwa yote niliyoyafuata kwa miguu, Ngozi ndilo la kwanza, na sioni linaloweza kulisogelea.

Liko wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, juu ya milima ya Uporoto. Ni ziwa la kreta, yaani maji yaliyojaa ndani ya shimo lililoachwa na volkano, na hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa wa aina hiyo barani Afrika. Urefu wake ni kama kilomita 2.5, upana kama kilomita 1.5, na kina chake kinapita mita 70. Hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka. Mvua hunyesha, kuta humwaga maji yake, na ziwa hupokea likanyamaza. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo ina zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na mwili wa mtu wa Pwani hulitambua hilo kabla hajaambiwa.

Lakini vipimo havielezi kwa nini nilipiga kelele. Ngorongoro unaifikia kwa gari. Barabara inakupandisha, unaona ukingo unakuja, unajiandaa, mtu anakwambia "sasa hivi," unatoa kamera. Ngozi halina sasa hivi. Gari linakomea chini, msitu unakumeza, na kwa muda wote unaopanda hupati hata tone la dalili kwamba mbele yako kuna maji. Husikii wimbi. Huoni uwazi kati ya miti. Unaanza hata kujiuliza kama umepelekwa mlima mwingine. Halafu msitu unakwisha kwa mkato, na ziwa lote liko pale kwa mara moja, pembe zake zote, kuta zake zote. Sijui mahali pengine panapotunza siri mpaka hatua ya mwisho namna hiyo.

Sasa nikurudishe chini, maana njia yenyewe ni nusu ya utamu.

Tulitoka Mbeya mjini saa 12 asubuhi. Pale Uyole barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na barabara kuu ya Dar, na kuanzia hapo gari linapanda tu. Baridi iliingia madirishani. Kushoto na kulia viazi mviringo, kabichi, viazi tena, mashamba yamepanda vilima hadi juu kabisa kama mikeka iliyoanikwa, na kando ya lami magunia ya lumbesa yamesimama yakisubiri malori, vichwa vyao vimeshonewa kamba. Wanawake wamejifunga vitenge juu ya masweta. Nilimwambia mpwa wangu afunge zipu ya koti lake, akaniambia tayari ameifunga, na chini yake amevaa mengine mawili.

Ukishuka Mchangani, unaiacha lami. Tulichukua bodaboda, kilomita chache za vumbi na mashimo hadi mguuni pa msitu, na hapo tukakutana na kiongozi wetu, kijana wa hukohuko, mpole, amevaa gambuti. Alitazama raba zangu nyeupe. Hakusema kitu, akaingia nyumba ya jirani na kutoka na gambuti nyingine, saizi yangu, akaziweka mbele yangu. "Mama, hizi ndizo zinaujua mlima," alisema. Ukitoka na neno moja tu katika makala hii, litoke hilo: gambuti.

Msitu ule! Nimezoea misitu ya Pwani, ambako jua linapenya na majani makavu yanavunjika unapokanyaga. Huku hakuna kilicho kikavu. Vigogo vimevaa ukungu wa kijani, matawi yananing'iniza nyuzi ndefu za kuvu na mimea midogo, na kila jani lina tone lake. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unaielewa namba hiyo unapoweka kiganja kwenye gome la mti na maji yakakuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kuna migomba pori yenye majani makubwa ya kumfunika mtu mzima. Halafu inakuja mianzi, na mianzi ina sauti! Upepo ukipita juu, inalia kama milango ya nyumba ya zamani, mmoja unaanza, wa pili unaitikia, na wewe uko katikati umesimama, kinywa wazi, hutaki kusogea.

Kiongozi wetu alisimama ghafla, akanyoosha kidole kwenye kijiti kilicho kando ya bega langu. Nilitazama kwa muda mrefu sikuona kitu. Kisha kitu kikazungusha jicho. Kinyonga, mwenye pembe tatu usoni, kijani juu ya kijani. Ni kinyonga wa milima hii ya Uporoto, hapatikani popote nje ya Tanzania, na hapo alikuwa ameshika kijiti chake kwa utulivu wa mwenye nyumba. Mpwa wangu alichuchumaa mbele yake. Robo saa nzima hakutaka kuondoka. Nilimwacha.

Mbega walipita juu yetu mara moja. Tulisikia matawi, tukaona mkia mweupe ukifuata mwili mweusi, basi.

Sitakudanganya kuhusu kupanda. Watu wenye miguu yao hutumia saa moja. Sisi tulitumia mbili kasoro, pamoja na kinyonga. Mwanzo ni mwinuko mpole, na mtu anaweza kuzungumza. Kipande cha mwisho ni kikali: mizizi ndiyo ngazi, udongo mweusi wa volkano unateleza kama mafuta, na mikono inafanya kazi kuliko miguu. Nilianguka mara mbili. Kila mara kiongozi alinipa mkono na kuniambia tumebakiza kidogo, na mara ya pili ilikuwa kweli.

Na hapo ndipo nilipokuanzia.

Tulipofika, ziwa lilikuwa wazi. Dakika kumi baadaye ukungu ulipanda kutoka chini ukalifunika lote, mbele yetu kukawa kweupe tu, utadhani hakuna kilichowahi kuwepo. Mpwa wangu alihuzunika. Kiongozi akasema tukae. Tukakaa, tukala mayai ya kuchemsha. Upepo ukageuka, ukungu ukachanika katikati, na ziwa likatoka tena na rangi nyingine! Mwanzo lilikuwa kijani cha jani la mgomba. Sasa lilikuwa buluu nzito karibu na kuta na kijani hafifu katikati, palipopigwa na jua. Lilifunika na kufunua mara nne. Ningekaa mpaka jioni.

"Mbona kama Afrika?" mpwa wangu akauliza, akichora hewani kwa kidole. Kiongozi wetu alicheka kwa furaha, maana alikuwa anatunza maneno hayo kwa ajili ya mwisho. Wenyeji husema hivyohivyo: umbo la ziwa ni ramani ya Afrika. Ukishaoneshwa, au ukijionea mwenyewe kama yeye, huwezi tena kuliona vingine. Kule kulikovimba ni Magharibi, kule kunakochongoka ni Kusini.

Nikauliza limetokeaje, na hapa nisimame kidogo, kwa sababu jibu ndilo lililonikosesha usingizi usiku. Wanajiolojia wanasema miaka kama 12,000 iliyopita mlima huu ulilipuka kwa nguvu kubwa, ukatupa majivu mbali sana, na mlipuko wa namna hiyo ukiisha kutoa kilichomo tumboni, paa la mlima hukosa pa kushikia, huporomoka ndani. Shimo hilo ndilo linaloitwa kaldera, na kuta nilizokuwa naziegemea ndizo mbavu zake. Sawa, miaka 12,000 ni mbali. Lakini mlipuko wa mwisho unakadiriwa kutokea karibu mwaka 1450. 1450! Wakati huo Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa umeshasimama, na majahazi yalikuwa yakipakua vyombo vya kaure kutoka China. Watu wa Pwani wananunua sahani, na huku Ngozi inatema wingu la majivu na gesi ya moto lililokimbia kilomita 10 kuelekea kusini. Hiyo si hadithi ya enzi za kabla ya watu. Kuna bibi wa bibi zetu waliokuwa hai.

Na moto haujaondoka. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania imekuwa ikilichunguza eneo hili kwa ajili ya kuzalisha umeme kutokana na joto lililo chini ya miamba. Nilipolitazama ziwa tena, likiwa baridi na tulivu namna ile, nikajua lina jiko chini, nywele zilinisimama.

Tukiwa bado tumekaa, tulisikia vishindo kutoka upande wa shimo. Akatokea kijana, pengine miaka 20, amepanda kutoka majini na dumu la lita tano mgongoni, amelifunga kwa kanga. Hakuwa anahema. Iko njia ya kushuka hadi ziwani, nyembamba na ya hatari, ya kushikilia mizizi kwa mikono yote miwili; kiongozi wetu aliitazama ilivyolowa akatikisa kichwa, nami nilimtii. Kijana alisema anampelekea bibi yake maji ya Ngozi. Wengi hapa wanayaamini kuwa ni dawa, wanayafuata tangu zamani. Aliinywa chai yetu, akashukuru, akatangulia. Tulipofika chini kijijini, saa moja na nusu baadaye, tulimkuta bibi mwenyewe kwenye kigoda nje ya nyumba, dumu liko miguuni pake. Nilimwamkia shikamoo. Akaniuliza kama nimeliona. Nikasema nimeliona, bibi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema "ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, kana kwamba mimi ndiye niliyemtendea wema kwa kwenda kulitazama ziwa lake.

Tulikula pale njiani, ndizi za kupika zilizorojeka vizuri na maharage, parachichi lililokatwa nusu na kutiwa chumvi, na maziwa mgando kwenye kikombe kikubwa. Nilirudia ndizi. Kila kilichokuwa kwenye sahani kilikuwa kimetoka kwenye majivu ya mlima ule, na hilo sikulijua asubuhi nilipoanza kupanda.

Leo asubuhi tukaenda Kiwira, na nilikuwa nimejiandaa kuona vitu vidogo vya kumalizia safari. Nilikosea. Daraja la Mungu si jina la kupamba. Ni jiwe moja lililojipinda juu ya mto Kiwira kutoka ukingo hadi ukingo, halina nondo, halina saruji, hakuna fundi aliyeligusa. Lava ilitiririka hadi mtoni, ikapoa na kuganda, na maji yakaendelea na safari yake kwa chini. Lina miti juu yake! Unasimama pembeni, unaona maji meupe yakiingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na unapata tena ile hisia ya jana, kwamba wilaya hii yote ni kazi ya mikono ya moto na maji vikishindana. Mbali kidogo na hapo kuna Kijungu, na jina lake linatosha: mto mzima unajitupa ndani ya chungu cha mwamba, unazunguka, unachemka bila moto, unazama chini ya jiwe na kuibukia mbele. Kelele zake unazihisi kifuani. Sehemu hizi zinafikiwa kupitia eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo utajitambulisha getini, utafuata utaratibu, na utembee na mwenyeji.

Hatujafika Kaporogwe, ambako maporomoko yana pango nyuma yake na mtu anaweza kusimama akayaona maji yakishuka mbele ya uso wake. Hatujaupanda Mlima Rungwe, unaotukodolea macho dirishani hapa Tukuyu kila mawingu yakiondoka. Humo ndimo alimo kipunji, kima mrefu wa manyoya ya kahawia na kishungi kichwani. Watafiti walimkuta mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata ikaonekana anastahili jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika kwa miaka 83. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja kwa jina hilohilo siku zote. Watafiti walianza kumtafuta baada ya kuwasikiliza wao. Hesabu ya kwanza ilipata kama 1,100 tu duniani. Wote wako Tanzania! Mpwa wangu ameshaandika jina lake kwenye daftari na kulipigia mstari.

Ukitaka kuja, na nakuomba uje, njoo kati ya Juni na Oktoba, njia ikiwa na nafuu. Juni na Julai kuna baridi kali, beba sweta zito na koti la mvua hata mbingu zikiwa safi, maana hapa usafi wa mbingu ni wa saa moja. Unaweza kuja kwa basi, kwa treni ya TAZARA hadi Mbeya ikiwa inasafiri, au kwa ndege hadi Songwe. Anza kupanda mapema, ukungu hupenda mchana. Usiende bila kiongozi wa kijijini. Njia zinagawanyika ndani ya mianzi, na pia huyo ndiye atakayekuonesha kinyonga. Usikubali kupelekwa haraka haraka, upande, upige picha, ushuke. Ziwa hili linataka ukae, likufunge na kukufungulia. Na takataka zako zishuke nawe. Niliona chupa tatu za plastiki pale ukingoni, zikaniuma, tukazibeba.

Nimeshazungumza na kiongozi wetu kwa simu mchana huu. Mwakani, mwezi wa saba, njia ikikauka, tunashuka wote hadi majini. Mpwa wangu ameuliza kama tunaweza kuwa na dumu letu wenyewe. Ameambiwa bibi atatupa la kwake.